Kadi ya Kumbukumbu Namba 212

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa unyenyekevu wote, usimsomee mtu. Hata mwenzako wa nyumbani. Niko kwenye majaribio ya kazi, miezi sita, na barua ya kuthibitishwa haijatoka. Ukimaliza ukurasa, funga, nyamaza. Na hasa usimwonyeshe mtunza stoo wetu, ninayemwita Bwana Tai kwa sababu hata jua likiwaka vipi havui tai yake.

Leo amekuja Bi Faili. Si jina lake, ni jina la masjala. Kwa miaka thelathini na minne alijua kila faili lilipo bila kufungua rejista. Amestaafu wiki tatu zilizopita, na siku ya kumuaga mimi ndiye niliyekabidhiwa kamera ya ofisi. Dada yake mgonjwa aliruhusiwa kutoka hospitali kwa saa mbili, akaletwa kwa kiti cha magurudumu, nikawapiga picha wawili pale dirishani. Siku tisa baadaye yule dada akafariki.

Bi Faili hakukaa. Alisema hana haraka, ila anaomba ile picha. Moja tu, ile ya dirishani. Tangu wazaliwe hawajawahi kupigwa picha nyingine wakiwa pamoja. Nikamwambia ipo salama.

Nikaazima kamera stoo, nikajifungia nayo chooni. Kioo cha kamera kikaandika: Kadi haisomeki. Nikaizima, nikaiwasha. Kadi haisomeki.

Nimejaribu kukumbuka. Siku ile Bwana Tai alisimama mlangoni akitingisha funguo, akisema stoo inafungwa saa kumi kamili, haifungwi akipenda Kijana wa Majaribio. Nikaichomoa kadi haraka. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inapepesa. Kisha nikafuata kanuni ya masjala, kwamba kila kinacholala ofisini kipewe namba. Nikaandika 212 kwenye kikaratasi, nikakibandika kwa gundi juu ya kadi, nikagonga mhuri, nikairudisha ndani ya kamera. Kanuni haisemi lolote kuhusu taa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua. Stoo inavuja, na mimi pia ndani yangu kuna kitu kinavuja.

Wenzangu walipokwenda kula nikaiingiza kadi kwenye kompyuta. Ikagoma. Nikaikandamiza kwa kidole gumba. Ikaonyesha folda moja ambayo jina lake limegeuka nyota na mabano. Ndani mna faili la tarehe ambayo bado haijafika. Picha moja tu ilikubali kufunguka, meza ya vinywaji, nusu yake rangi ya kijivu kama ukuta wa mahabusu. Halafu kompyuta ikauliza kama nataka kuifomati kadi. Nikasoma swali mara nne. Nikabonyeza Hapana. Ndilo jambo la busara pekee nililofanya wiki hii, na nililifanya kwa woga.

Nyumbani nikamweleza shangazi, maana naishi kwake na uso wangu hausitiri kitu. Akasema simu yake ilipolowa aliitia kwenye mchele ikapona. Nikamwambia kadi haikulowa. Akasema mchele haujui kama imelowa au haikulowa. Nikaitia kwenye kopo la mchele. Saa mbili usiku akapika. Niliiokoa kwenye sufuria, ndani ya maji ya kuoshea mchele. Sasa imelowa.

Nikaikausha kwa shati, nikairudisha kwenye kamera, niliyokuja nayo nyumbani kwa siri. Kamera nayo ikauliza lile swali la kompyuta. Kuifomati? Nikafikiri kisomi. Masjala, rafu zikivurugika, huwa tunazipanga upya. Hakuna faili linalotupwa. Nikabonyeza Ndiyo.

Kadi ikasomeka papo hapo. Safi kabisa. Tupu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimekuja na mpango. Usiku mzima nimeupima na sioni kasoro.

Bi Faili anachotaka ni picha ya wanawake wawili dirishani. Macho yake yamechoka kwa kulia. Picha ikipigwa kwa nyuma, wakitazama nje, nani atajua?

Nikaomba ruhusa ya tumbo. Nikamkalisha shangazi kwenye kiti cha plastiki mbele ya dirisha la sebule, nikamfunika miguu kwa shuka. Nafasi ya Bi Faili nikaichukua mwenyewe, nimefunga kitambaa cha shangazi kichwani na kuvaa koti lake. Kamera nikaiweka juu ya kabati, nikaitega ijipige baada ya sekunde kumi. Kila mara niligonga meza nikikimbilia nafasi yangu. Tulipiga picha arobaini.

Shangazi alivumilia hadi ya thelathini na tisa. Hapo akauliza anaigiza nani. Nikasema mgonjwa. Akauliza huyo mgonjwa anaendeleaje. Nikamrekebishia shuka miguuni. Akauliza tena, taratibu, kwa jina langu lote. Ya arobaini inaonyesha kiti kitupu, mimi nimevaa kitambaa, na mkono wa shangazi umeshika kandambili.

Hata hivyo ya thelathini na mbili imetoka vizuri.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Naandika kwa ufupi.

Bwana Tai alimwambia Mkuu wa Idara, mbele yangu, kwamba itapendeza picha za kumuaga Bi Faili zikibandikwa ubaoni. Kisha akanigeukia akauliza kama Kijana wa Majaribio ameshazisafisha, maana ameona kamera imekwenda chooni mara tatu. Watu walicheka. Mkuu akasema zibandikwe wiki ijayo, na kwamba wiki hiyohiyo ndiyo atakayoitazama barua yangu.

Saa sita Bi Faili akaja, akaketi kwenye meza yake ya zamani, ambayo sasa ni yangu. Nilibaki nimesimama kama mteja. Akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Akasema dada yake alimzidi miaka miwili na alikuwa mtu wa kununa. Hakupenda picha. Siku ile ya dirishani ndiyo alicheka, kwa sababu mimi niliwaambia wasogee karibu, gurudumu la kiti likanikanyaga mguu. Kweli, lilinikanyaga.

Akasema, "Mwanangu, nakumbuka shali lake. Nakumbuka kile kiti. Lakini sura inaanza kunitoroka. Asubuhi nikiamka naikuta imepungua."

Hapo ndipo mtu mwenye moyo angesema ukweli. Mimi nikatoa picha ya thelathini na mbili, niliyoichapisha njiani asubuhi.

Aliitazama muda mrefu. Akaisogeza kwenye mwanga. Akasema dada yake hakuwa na mgongo huo. Akasema na dirisha la ofisi lina nondo. Akaitazama tena, akauliza kwa upole huyu aliyesimama ni mwanamke gani, mbona amevaa viatu kama hivi nilivyovaa mimi.

Nikasema huenda picha zimechanganyika. Akasema sawa. Akairudisha mezani, kifudifudi, kama anavyorudisha faili la mtu mwingine.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa fundi wa kamera, kibanda chake kiko nyuma ya soko, kabla hajamaliza hata kufungua milango.

Aliitoa kadi, akaigeuza, akauliza hii gundi ni ya nini. Nikamweleza kanuni ya masjala. Akanitazama. Gundi ilikuwa imechuruzika hadi kwenye vile vipande vya rangi ya dhahabu ambavyo mashine huvigusa ili isome. Akabandua namba 212, akavisugua kwa kifutio cha penseli, polepole, kama anayemfuta mtoto pua. Ndiyo maana ilikuwa inagoma mpaka uikandamize, akasema. Hilo lilikuwa gonjwa la kwanza na ni dogo. La pili ni kuchomolewa taa ikiwaka, kamera ikiwa bado inaandika. Hapo orodha ya picha huvurugika, lakini picha zenyewe zipo.

Akauliza baada ya hapo nilifanya nini. Nikamweleza yote, isipokuwa kitambaa.

Akavua miwani. Akasema kadi ikianza kukuletea majina ya ajabu na picha nusu, unaitoa unaiweka pembeni. Huipigii hata picha moja. Unainakili yote kwenye kompyuta kama ilivyo, halafu unatafuta kwenye ile nakala. Akasema kuifomati ni kuchana rejista tu, mafaili bado yako kwenye rafu, yanatafutika. "Ila wewe baada ya kuchana rejista ukaleta mafaili mapya arobaini ukayapachika palepale. Ungekuja Jumatatu, kaka, ningekutolea zote."

Nilielewa kabisa. Hilo ndilo lililouma.

Akainakili, akawasha programu yake, tukangoja saa mbili na nusu. Katika picha sitini na tatu za siku ya kumuaga zilirudi kumi na moja. Tisa za meza ya vinywaji. Moja ya Bwana Tai akila. Na moja ya dirishani.

Imekatika. Juu iko wazi kama maji, nondo, shali, vipaji vya uso, macho ya wote wawili, maana Bi Faili alikuwa ameinama shavu kwa shavu na dada yake. Inashuka hadi puani. Kuanzia hapo ni kijivu tupu. Lakini yule dada anacheka. Unaona kwenye macho.

Fundi akasema niihifadhi sehemu mbili, na hii kadi niistaafishe, ninunue nyingine. Kadi mpya inahitaji fomu ya Bwana Tai, na fomu ina mstari wa kuandika sababu. Nikamwomba airudishe picha hiyo kwenye kadi hiihii, kisha afute kila kitu kwenye kompyuta yake. Akauliza mara tatu kama nina hakika. Nilimwambia ni siri ya ofisi. Nikasimama nyuma yake hadi akafuta.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Bi Faili na kamera ndani ya mfuko wa mkate. Nikamwonyesha kwenye kile kioo kidogo.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chake kufunika ile sehemu ya kijivu, ili yabaki macho tu. Akakaa hivyo mpaka kioo kikajizima. Nikakiwasha. Kikajizima tena. Nikakiwasha.

Mwishowe akasema inatosha. Akasema zile siku za mwisho mdomo wa dada yake ulikuwa umepinda kwa ugonjwa, na dada mwenyewe hakupenda uonekane, kwa hiyo labda ni yeye aliyeukata. Akacheka kidogo, akalia kidogo. Anataka iwe kwenye karatasi, Jumatatu. Fremu ameshainunua, iko tupu ukutani.

Akaniuliza nini hasa kilitokea, akasema hatakasirika. Nikasema unyevu.

Akasema, "Haya, mwanangu. Unyevu." Akanifungia mkate halisi kwenye ule mfuko.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku ya kupumzika. Nimefanya kazi.

Nilipokuwa naipanga kamera tayari kwa kesho niligundua kadi haina namba. Fundi aliibandua. Bwana Tai akikagua akute kadi ya ofisi isiyo na namba, nimekwisha. Nikaandika 212 upya, kwa mwandiko mzuri. Safari hii sikutumia gundi ya ofisi. Nimetumia ile kali ya kubandikia viatu, isije ikachuruzika.

Nikaingiza kadi kuhakiki. Picha ikatokea, macho yote manne. Nikafurahi. Shangazi akaita kutoka jikoni kwamba kama nina kitambaa chake tena nitamtambua. Nikashtuka, nikaichomoa kadi niifiche.

Taa ilikuwa bado inapepesa.

Kadi haisomeki. Nimeirudisha, na sasa haichomoki wala haiingii vizuri, ile gundi ya viatu inafanya kazi yake. Ni saa kumi na moja jioni. Bi Faili anakuja kesho saa tatu.

Nimetulia. Nimefikiri. Picha yenyewe ilikuwa inaishia puani. Kwa hiyo sihitaji sura nzima ya mtu yeyote, nahitaji macho mawili ya kucheka na shali. Shangazi ana macho. Nikikanyagwa na kitu mbele yake atacheka, simjui mtu anayefurahia maumivu yangu kama yeye. Nondo nitachora kwa mkaa kwenye fremu ya dirisha. Kamera na kadi nitaazima za jirani, kadi nitaipa namba.

Ukinitafuta usipige simu ya ofisi, Bwana Tai ndiye anayepokea. Zunguka nyuma ya jengo la masjala, hesabu madirisha hadi la nne, lile lisilo na kioo. Gonga mara mbili, ngoja, gonga mara moja. Akijibu mtu, ondoka. Kukiwa kimya kabisa, ni mimi.