Malalamiko ya Mwakilishi Aliyeangushwa kwa Kura Moja

Wexcombe, New Hampshire
Novemba 14

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na ile mashine yako ya kuchapia ambayo nasikia inakohoa tangu Oktoba. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio uliopigwa ngumi, na naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimtaje aliyeirusha.

Jina langu ni Elwin Coolbroth. Wewe unalijua, lakini nimeambiwa gazeti lako husomwa pia Tasker, ng'ambo ya mlima, ambako wengi hawajawahi kuniona. Kila majira ya kuchipua nachemsha utomvu wa miti kuwa sharubati, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa mwakilishi wa wilaya yetu katika bunge la jimbo kule Concord. Kabla yangu alikuwa baba. Kabla ya baba, babu. Kwa miaka yote hiyo mimi nimesimama kuzungumza bungeni mara mbili, na moja ya hizo niliomba dirisha lifungwe. Lilifungwa. Sijui wangapi wanaweza kutaja mafanikio ya wazi kama hayo.

Jumanne ya wiki iliyopita niliangushwa na Bi Prudence Amsden, dereva wa basi la shule la Tasker, kwa kura 611 dhidi ya 610. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapa namba ili yasitoroke.

1. Kuhusu mipaka ya wilaya. Wilaya yetu ina Wexcombe, ambako tunaishi sisi, na Tasker, ambako wanaishi wao, na katikati kuna Mlima Obed usio na barabara. Ukitaka kwenda Tasker huna budi kutoka nje ya wilaya yako mwenyewe, upite katika wilaya mbili za watu wengine, kisha uingie kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Ramani hiyo ilichorwa kabla babu hajazaliwa, na yeye alikuwa akisema wachoraji walikuwa wameshafika kwenye jagi la pili la sida, ile pombe ya tufaha. Huchorwa upya kila baada ya miaka kumi, na kila mara kuna mtu huuliza, "Na Tasker je, tuiweke wapi?" Na kila mara Coolbroth mmoja hujibu, "Aa, iacheni hapo hapo ilipo."

Nakiri tulikuwa na sababu. Wexcombe ina watu wengi kuliko Tasker. Mgombea akijulikana upande huu, inatosha. Babu alikwenda Tasker mara moja, kwenye mazishi, na alipofika akakuta ni mazishi ya mtu mwingine. Baba alikwenda mara mbili. Mimi nilikuwa nimeiona vizuri sana kutoka kileleni, nikiwinda paa. Ramani ile ilitutumikia karibu miaka mia, na mwaka huu imegoma bila hata kutupa taarifa. Nalalamika.

2. Kuhusu mwenendo wa Bi Amsden. Mwanamke huyu hubisha hodi. Hakuna mlango wa wilaya hii ambao hakuubisha, na mwanzoni mwa Oktoba aliubisha wangu. Nilifungua nikiwa na soksi moja.

"Shikamoo, Mzee Coolbroth. Nimekuja kukuomba kura."

"Marahaba, binti. Lakini mgombea mwenzako ndiye mimi."

"Najua, mzee. Niliapa sitaruka mlango hata mmoja. Nikiruka wako, si nitakuwa nimeanza na uongo?"

Nilicheka, Ndugu Mhariri. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana mtu akishakuchekesha mlangoni huwezi tena kumfungia. Mke wangu Verna akamkaribisha ndani, akamkatia mkate wa tufaha ule uliokuwa wangu. Bi Amsden akala, akafuta mdomo, akaniuliza kama niliwahi kuliona daraja la Mto Nubbin.

Nikamwambia nimekaa kwenye kamati ya barabara na madaraja miaka kumi na miwili.

"Sikuulizi umekaa wapi, mzee. Nauliza kama umeliona."

Verna akainamia birika, mabega yakimtikisika.

3. Kuhusu daraja lenyewe, ambalo nalalamika kwamba lipo. Ijumaa ile nilikwenda. Nilikwenda ili nirudi niseme nimekwenda. Bi Amsden alinipandisha kwenye basi lake saa za kutoka shule, akaniketisha nyuma yake pamoja na watoto thelathini na mmoja waliokuwa wakinitazama kama mnyama aliyepotea njia. Msichana mmoja mwenye meno mawili yaliyong'oka aliniuliza, "Wewe ndiye yule wa kwenye bango?" Nikasema ndiye. Akanichunguza. "Kwenye bango una nywele."

Mto Nubbin unaikata Tasker vipande viwili: shule ng'ambo moja, nyumba nyingi ng'ambo nyingine. Tulipofika darajani basi likasimama, na watoto wakainuka wote bila kuambiwa, wakashuka, wakashikana mikono wawili wawili. Nikauliza kuna nini.

"Kibao kile kinasema mwisho tani kumi," Bi Amsden akasema. "Basi likiwa tupu linapita. Likiwa na watoto, siwezi kukuapia."

"Kwa hiyo wanavuka kwa miguu?"

"Asubuhi na alasiri. Mwaka wa sita huu."

"Hata wakati wa theluji?"

"Mzee, hapa ni New Hampshire. Ni wakati gani mwingine tulio nao?"

Nikashuka, maana mimi nina uzito wa watoto wanne. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha. Yule msichana akanishika mkono kwa sababu idadi yao haikugawanyika kwa mbili na yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Tulivuka mimi na yeye mwisho. Mbao zilikuwa na nafasi katikati, na kupitia nafasi hizo niliyaona maji. Msichana aliniambia nisitazame chini, nihesabu tu. Yeye huhesabu, akasema, na hufika sabini na nne. Mimi nilifika sitini, kwa kuwa miguu yangu ni mirefu, na sijawahi kuhesabu kitu kwa makini kiasi kile maishani mwangu. Nyuma yetu basi lilivuka polepole, tupu, na daraja likalia kote.

4. Kuhusu Bi Lorena Philbrook, mjane, ambaye angeweza kunitukana na hakunitukana. Bi Amsden alipomaliza kushusha watoto alinipeleka kwake bila kuniuliza. Bi Philbrook anaishi sasa katika nyumba ya magurudumu, kwa sababu ile ya zamani iliungua mwezi Machi. Gari la zimamoto lilifika darajani likiwa na tani zake kumi na nane, likasimama. Ikabidi lizunguke maili ishirini na sita. Yeye alikuwa amesimama uani na koti lake, akiliona gari lile limewasha taa ng'ambo ya mto, akiiona nyumba yake, akitazama huku na huku.

Alinitilia kahawa. Akasema, "Nilikuandikia kuhusu daraja. Mara tano."

Nikasema nakumbuka. Ilikuwa uongo, na nadhani alijua.

"Na ulinijibu kila mara," akasema. Akainuka, akaleta koti, akatoa mfukoni kadi. Ni kadi zangu, Ndugu Mhariri. Nilichapisha elfu moja hapo hapo kwako. *Asante kwa kuniandikia. Nimelipokea wazo lako kwa uzito unaostahili.* "Hii ilipona, maana koti ndilo nililotoka nalo. Picha za marehemu ziliungua. Vyeti viliungua. Hii ikapona."

Hakusema kwa hasira. Ningeshukuru angesema kwa hasira. Aliirudisha mfukoni, akaniuliza kama nitaongeza sukari.

Lalamiko langu hapa nimejaribu kuliandika mara nyingi na kila mara linakataa kukaa upande wangu. Basi niliache.

5. Kuhusu mke wangu. Kura moja ni kura moja, na matokeo yalipotangazwa nilirudi nyumbani nikiwa na hakika nimeoa msaliti. Ushahidi ulikuwa mwingi: mkate wa tufaha, yale mabega, na kwamba tangu safari yangu ya Tasker alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Pale jalalani, Jumamosi, mji mzima ulipokuwa unatupa taka na kutoa maoni, nilimsikia akimwambia jirani kwamba Bi Amsden "ana kichwa kizuri mno kukipeleka Concord."

Nikamkabili jikoni. "Verna, sema ukweli. Ulimpigia yeye?"

"Nilikupigia wewe, Elwin."

"Kweli?"

"Miaka arobaini na mitatu nakufulia soksi, nitakuangusha mbele ya watu? Nilikupigia. Nilifumba macho, nikakupigia." Akanitazama. "Na wewe je? Ulimpigia nani?"

Nikaenda kuangalia kuni.

6. Kuhusu mpiga kura Elwin Coolbroth wa Wexcombe, ambaye namshitaki mbele yako na mbele ya umma. Siku ya uchaguzi mtu huyu aliingia katika kibanda cha kupigia kura akiwa ameshauriwa vizuri. Alikuwa amevaa beji yenye jina lake mwenyewe. Nje alikuwa amepeana mikono na watu mia mbili, akiwaambia, "Usinisahau, bwana, usinisahau." Akavuta pazia. Akachukua penseli. Akaona majina mawili, lake juu, na kando ya kila jina duara dogo tupu.

Alikaa humo ndani muda mrefu hata karani wa mji akakohoa nje, akauliza, "Mzee Coolbroth, u salama? Umepotea?"

Alijibu, "Nahesabu tu."

Kisha akalijaza duara la Bi Amsden, akalijaza vizuri bila kutoka nje ya mstari, akakunja karatasi, akaitumbukiza, akatoka na kuendelea kuwaambia watu wasimsahau.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Yeye 611, mimi 610. Mpiga kura huyo angejaza duara lililo sahihi, ningekuwa mimi 611 na yeye 610. Kwa hiyo niliangushwa na mtu mmoja tu, niliyemlisha, niliyemvisha, na ambaye namnyoa kila asubuhi. Nasema bila kumung'unya maneno: mtu wa namna hiyo ni hatari kwa demokrasia.

Kwa sababu zote hizi naomba yafuatayo. Bunge la jimbo litunge sheria ya kumkataza mgombea kupiga kura katika uchaguzi wake, kwa kuwa imethibitika hatabiriki. Wagombea wakatazwe kubisha hodi katika nyumba zenye mkate. Kadi za majibu zichapwe kwa karatasi inayoungua upesi. Na ijulikane wazi katika historia ya wilaya hii kwamba ukoo wa Coolbroth haukushindwa na mtu wa nje. Wa mwisho wao alijiondoa mwenyewe, kwa hiari, kwa kura yake moja, ili watoto wapate daraja. Na kama mji utaona inafaa kuweka kibao kidogo cha shaba mahali fulani, mimi sitakuwa wa kwanza kupinga.

Nimeomba kura zihesabiwe upya. Si kwamba nautaka ushindi. Nataka ile moja ithibitishwe rasmi, ipigwe muhuri.

Nisalimie mama watoto, wasalimie wachapaji wako wote, na yule paka anayelala juu ya karatasi. Wasalimie wa Wexcombe walionipigia, na wa Tasker ambao hawakunipigia. Kwao natoa salamu mara mbili, kwa kuwa nina deni la miaka kumi na minane.

Mimi, niliyekuwa mtumishi wenu,

Elwin J. Coolbroth

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa nilipoitwa kwa karani wa mji. Kura zimehesabiwa upya leo. Katika sanduku la Tasker wamekuta kura kumi na nne zimegandana chini kwa sukari ya donati, na zote ni za Bi Amsden. Yeye sasa ana 625, mimi 610 zile zile. Angenishinda hata kama mimi, Verna na paka wako tungenipigia wote. Kura yangu haikumsaidia mtu yeyote kwa jambo lolote, na naomba yale ya kibao cha shaba uyafute. Nilipomwambia Verna alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akanishika mkono, akasema nisihuzunike, maana katika miaka yangu kumi na minane ya kupiga kura za ndiyo na hapana, hiyo ndiyo ya kwanza niliyopiga nikiwa najua inahusu nini.