Wamaya Wanatoweka Kwenye Kibao Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Miaka ishirini na miwili natembeza wageni katika magofu ya kale ya Wamaya hapa Xtokil. Leo asubuhi mkuu wetu, Bi Amaranta Cen, kaweka meza langoni. Juu yake vimashine kumi na viwili vyenye hedifoni. Mgeni anavaa, anafika penye kibao, anabonyeza namba ya kibao, anaelezwa kila kitu. Hahitaji mtu.
Amaranta akafungulia kimoja tusikie, na sauti niliitambua kabla sentensi ya pili haijaisha. Wilberth Poot. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu Socorro. Mtu aliyedhani uwanja wa mpira wa wafalme ni zizi la farasi mpaka nilipomfundisha mimi.
Wageni saba wamepita. Mmoja tu ndiye aliyenisogelea. Alinikabidhi chupa tupu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechukua kimashine nikasikiliza. Kibao namba tisa, kwenye hekalu la mvua, Wilberth anatamka kwa huzuni kwamba baada ya hapo Wamaya wakatoweka. Mama mmoja wa kigeni alikuwa akisikiliza. Akafuta chozi, kisha akaniomba nimpishe apige picha. Mimi, Nicanor Chablé, niliyeota ndoto kwa Kimaya usiku wa kuamkia leo.
Nikamfuata Wilberth langoni, kwenye kibanda cha chakula cha mama yake, akila panucho, chapati ya kukaanga yenye maharage.
Nikamuuliza, "Wewe ni nani?"
"Shemeji, jua limekupata?"
"Wewe ni Mmaya au si Mmaya?"
"Mmaya."
"Na mama yako?"
"Mmaya."
"Basi mmetoweka lini?"
Akasema yeye alisoma tu alichoandikiwa. Mama mkwe, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango chake, akasema kwa Kimaya kwamba hatoweki mtu hapa kabla sahani hazijaoshwa.
Nimeziosha mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeingia kabla ya lango kufunguliwa nikavihamisha vibao. Namba nne, kaburi la mfalme, sasa iko mlangoni mwa vyoo. Namba kumi na moja, uwanja wa mpira, nimeipeleka mwanzo wa njia ya msituni.
Siku nzuri. Bwana mmoja alisimama mbele ya vyoo akavua kofia, akainamisha kichwa. Aliyekuwa ndani alipotoka, wakatazamana.
Socorro kauliza kwa nini nakula huku nacheka. Nimemwambia nafikiria historia.

Alhamisi, 7 Machi
Bi Berta Solís, mwalimu mstaafu kutoka Mérida, umri miaka sabini na minne, aliingia saa mbili asubuhi. Saa sita mchana hajatoka. Amaranta akauliza nani amemwona. Mtu mmoja akasema alimwona akielekea msituni, akitafuta uwanja wa mpira.
Joto la Machi humwangusha hata fahali.
Nilikimbia njia nzima nikimwita. Kilichonipeleka kwake, naandika kwa uchungu, ni sauti ya Wilberth. Bi Berta alikuwa amechomoa hedifoni, mashine ikawa inahubiria miti. Yeye kakaa juu ya kilima cha mawe, kiatu kimoja hakipo, midomo imekauka.
Akasema, "Kijana, huu uwanja wenu wa mpira una miti mingi."
Nina miaka hamsini na tatu. Nilimbeba mgongoni. Ili asisinzie nikawa namtajia kila mti kwa jina alilonifundisha bibi yangu. Aliuliza maswali mpaka langoni. Hapo akamwambia Amaranta kwamba mtu huyu ni bora kuliko mashine zote mezani.
Amaranta akauliza nani alihamisha vibao. Nikasema tumbili.
Akauliza kama tumbili hushindilia mawe kwenye shina la kibao.
Nikasema inategemea tumbili.
Wilberth hakucheka. Aliniletea maji, na hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Habari za tumbili zimemfikia Socorro. Asubuhi kasema neno moja: "Nenda." Nikaenda, nikamkiria Amaranta yote, na namba tisa nikaitaja. Nilitegemea kunyang'anywa leseni. Amaranta akaniambia nirudishe kila kibao mahali pake. Halafu akasema kuhusu namba tisa nina haki, naye ameona aibu. Niirekodi upya mwenyewe. Dakika tatu.
Nilivirudisha vyote kabla ya jua kutua.

Jumatatu, 11 Machi
Namba tisa imekamilika. Urefu wake ni saa moja na dakika arobaini. Nimejitahidi kufupisha, lakini huwezi kusema hatujatoweka bila kuwataja waliopo, na upande wa mama yangu peke yake ni vijiji vitatu. Wilberth nimempa dakika sita, kwa heshima.
Mgeni wa kwanza alisikiliza wima juani mpaka akalazimika kushikwa asianguke. Amaranta anataka nipunguze. Hawa watu hawajui kazi ya kitaalamu, na wivu umewajaa.
Alhamisi Wilberth anakwenda Tizimín kwenye ubatizo na Amaranta ana mkutano. Chumba cha kurekodia kitabaki wazi. Vibao vingine kumi na vitatu vinahitaji marekebisho madogo tu. Nimeshaandika kurasa mia moja na kumi za namba moja, na bado niko kwenye utangulizi.