Pakiti ya Njano Juu ya Kompyuta

Jumatatu, 6 Novemba

Po-chun, mdogo wake mke wangu, kaja kula. Anauza kompyuta soko la Guanghua, na chakula hakimshuki mpaka aringe kwanza. Leo zamu ya prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta: ilitoka kiwandani na kasi ya gigahezi 5.0, yeye kaipandisha hadi 5.7 na haijamfia. Nikasema hata mimi naweza. Akacheka, akaniandikia masharti kwenye karatasi ya kufutia mikono. Nakili mafaili kwanza. Prosesa peke yake, memori baadaye. Panda kidogo kidogo. Kila hatua ijaribu kwa saa nane nzima. Joto likizidi, shuka. Masharti kama ya mganga! Nikaifutia mchuzi.

Yueh-o, mke wangu, kanionya nisiiguse kompyuta hadi Jumapili. Siku hiyo marehemu baba yake anatimiza siku mia tangu afariki, na video yake akiimba alipofikisha miaka themanini imo humo. Haipo kwingine. Nimeahidi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimegusa. 5.2! Nimejaribu dakika kumi, muda wa tambi kulainika. Haikuzima. Nikaruka hadi 5.5. Skrini giza. Nikakaa mbele ya giza hilo na moyo mzito. Miaka hamsini na mbili, na sijawahi kushinda chochote, hata karata za mwaka mpya. Nikachomoa kibetri cha ubao wa ndani ili isahau kasi niliyoiwekea, nikakirudisha, ikaamka. Sasa niko 5.3, umeme nimeongeza kidogo. Joto nyuzi tisini na sita. Soksi nilizoanika nyuma ya feni zimekauka, jambo la nadra mvua hizi.

Picha nimemtumia Po-chun. Kajibu: "Shemeji, dakika kumi si jaribio, ni salamu tu."

Jumatano, 8 Novemba

Nimegundua kinachokosekana: mashine haina pakiti! Ofisini kwetu kila mtambo umewekewa juu yake pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ili utulie na utii. Mwenye akili zake hawashi hata printa bila hiyo. Dukani za kijani zimekwisha. Muuzaji anasema benki ya jirani imeleta mitambo mipya, imezoa zote. Zimebaki za njano, na njano ni balaa, hata mtoto wa chekechea anajua. Nimenunua njano, nikaifunga karatasi ya kijani. Kompyuta haina macho.

Alhamisi, 9 Novemba

Memori. Nimeipandisha pamoja na prosesa kwa mpigo mmoja, kuokoa muda. Programu ya majaribio imekuta makosa matatu. Matatu, katika mabilioni! Ningepata alama hizo shuleni, leo ningekuwa daktari. Nikaisimamisha isije ikatafuta mengine.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekumbuka sharti la kwanza: nakili. Nani kasema mimi sisikii? Video nimeinakili kwenye flashi. Sikuifungua kuitazama. Ya nini? Mashine haikulalamika. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimejiona mtu mzima.

Jumamosi, 11 Novemba

Asubuhi haikuwaka. Nimerudisha kasi ya kiwandani, bado inadai diski imeharibika. Nikaifuta yote, nikaanza upya, bila wasiwasi, maana flashi ninayo. Nikaifungua. Baba mkwe anainua kikombe, anafungua kinywa, uso unageuka vipande vya kijani. Sauti inakatika kama mwenye kwikwi. Sekunde ya kumi na moja, basi. Memori ilikosea wakati inanakili, na hicho ndicho nilichokihifadhi.

Nimemwambia Yueh-o. Afadhali angefoka. Kaketi kitandani, kasema ameanza kuisahau sauti ya baba yake, ndiyo maana aliitunza pale. Kisha kaniuliza kama nimekula. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili, 12 Novemba

Po-chun kaja na kompyuta yake ya mkononi. Kumbe Jumatatu ile, nilipokuwa naosha vyombo, aliinakili video. "Nilikuona unafutia mchuzi masharti yangu," kasema, "nikajua baba atakufa mara ya pili humu ndani."

Tumeitazama mbele ya madhabahu ya wazee hapa nyumbani, ubani ukiwaka. Mzee anaimba, sauti inapinda, anakohoa, anamwita Yueh-o amletee chai. Yueh-o akaitikia, "Abee, baba!" Akalia. Nami nimelia, sifichi. Po-chun katia video kwenye flashi mpya, kampa dada yake. Mimi hata kuishika hakunipa.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa kasi, wala umeme, wala memori. Ni ile njano. Leo duka limeleta za kijani. Nimesoma tarehe ya mwisho mara mbili, maana iliyopitwa na wakati nayo ni balaa. Flashi ya Yueh-o nimeiazima, nilihitaji mahali pa kuweka programu ya majaribio. Nafasi haikutosha, kwa hiyo video nimeihamishia kwenye kompyuta. Chini ya pakiti itakuwa salama zaidi. 5.5 leo. Sina papara tena: 5.6 ni kesho.

Yueh-o kaniuliza pakiti ni ya nini. Nimemwambia inamlinda baba. Kaigusa kwa vidole viwili, kainyoosha ikae sawa, kanishukuru.