Jinsi Nilivyoujaribu Mrija Mbele ya Wakwe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Naandika kwa mwandiko mzuri ili wanangu waje wasome.

Asubuhi nilivuka kwenda Busia ya Kenya, ofisini kwa Bi Ritah. Huyu ndiye wakala wa kampuni inayotupa sisi wanafunzi bidhaa mpya tuzijaribu kabla hazijafika dukani. Kazi yenyewe rahisi. Unapewa kitu, unakitumia, unajirekodi kwa simu, unatuma video. Kitu kinabaki chako, na hela ya soda inaingia kwenye simu. Mwaka huu pekee nimejaribu sabuni tatu, dawa ya mbu, soksi zisizonuka (zilinuka), na mafuta ya kuotesha ndevu. Zimeota nne. Zote upande wa kushoto. Sijalalamika.

Leo Bi Ritah akatoa mrija. Mrija wa kisasa wa kunywea malwa, pombe yetu ya ulezi inayonywewa chunguni! Plastiki ngumu, rangi ya buluu, unakunjika mara tatu, na chini una chujio la chuma. Eti unazuia makapi ya ulezi. Akasema atakayeleta video bora atatangazwa Mjaribu Mkuu wa kanda nzima, na atapewa friji ndogo.

Friji! Nilipiga hesabu palepale. Nani hapa chuoni Busitema ana friji chumbani? Hakuna. Mhadhiri wetu mwenyewe anakunywa maji ya mtungi. Nimeshaanza kufikiria nani nitamruhusu aweke soda zake humo, na nani nitamnyima.

Wa kwanza kunyimwa ni Herbert. Herbert ni mwenzangu wa chumba, na yeye pia ni mjaribu. Mwezi uliopita alishinda feni. Analala nayo ubavuni, imegeukia kwake tu. Naye amepewa mrija.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesoma maelekezo. Nimeyasoma tena. Kuna balaa.

Masharti ya video ni matatu. Kwanza, chungu cha kweli na wazee wa kweli wamekizunguka. Pili, mjaribu aonekane akinywa. Tatu, nanukuu: mjaribu apulize kwa nguvu ndani ya mrija ili kusafisha chujio, na hatua hii isikosekane.

Apulize! Walioandika haya wamekaa mjini kwenye viti vya kuzunguka. Hawajawahi kuketi kwenye chungu. Sisi Iteso, chungu kina sheria zake. Mrija unaushika kwa mkono wa kulia. Huchungulii ndani. Na hupulizi. Hupulizi kabisa. Anayepuliza ni kama amewatemea mate wote waliokizunguka, amewaambia sitaki kunywa nanyi, nendeni zenu. Kule kwetu Mella kuna mzee alitozwa mbuzi kwa sababu ya kukohoa tu.

Nikiwa bado nawaza, dada yangu Akiror akapiga simu. Jumamosi wakwe wanakuja. Mambo ya Akiror yako hivi: ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na kwa miaka mitatu amekuwa akimsubiri Jovan, kijana wa Mwello, mtoto wa Mzee Opendi. Mara ya kwanza wakwe walipokuja, baba yetu alisema Jovan hana nyumba. Jovan akajenga. Mara ya pili wazee waligombana kuhusu ng'ombe, wakaondoka hata kabla ya chakula. Hii ni mara ya tatu. Mzee Opendi ameshasema hakuna ya nne.

Akiror akanikumbusha kwamba mimi ndiye ndugu yake wa kiume wa pekee, kwa hiyo nitaketi kwenye chungu pamoja na wanaume, kwa mara ya kwanza maishani. Akaniomba nisije na vituko vyangu. Nikamwambia atulie, anaongea na msomi.

Wazee wa kweli. Chungu cha kweli. Jumamosi! Jamani, kuna watu huzaliwa na bahati.

Jumatano, 8 Oktoba

Herbert amefukuzwa! Leo nimecheka hadi mbavu zikauma.

Herbert si mtu wa huku. Hajui chungu. Jioni alikwenda na mrija wake kwenye kilabu cha malwa pale senta, akaketi katikati ya wazee, akapuliza waziwazi kama anapuliza tarumbeta. Mama mwenye pombe alimtoa kwa mwiko. Amerudi na kiatu kimoja. Nikampa pole. Ndani kwa ndani nilikuwa nacheza ngoma.

Tofauti kati yangu na Herbert ni akili. Mpango wangu ni huu: sala. Kabla ya kunywa, katekista wetu ataomba. Katekista wetu akianza kuomba hamalizi leo. Ataombea wageni, mvua, mihogo, barabara. Na watu wote watakuwa wamefumba macho. Mimi nahitaji sekunde tano tu. Nimejikuta nasimama mbele ya kioo nikijitazama kwa heshima.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, hakuna masomo. Nimefanya mazoezi ya kupuliza kwenye beseni la maji. Ukipuliza taratibu hakusikiki kitu. Herbert akauliza ninafanya nini. Nikamwambia nina pumu.

Jaribio limefaulu. Sikuona haja ya kujaribu kwa malwa, maana maji na malwa vyote ni vya kunywa.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana sikuandika. Naandika leo, nimekaa chini ya ghala nyumbani Mella, mbali kidogo na watu.

Wageni walikuja kumi na wawili kutoka Mwello. Wao wanaongea Kidhopadhola, sisi Kiteso, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, kila mtu na chake. Mzee Opendi alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi. Kila mzee alikuja na mrija wake ndani ya ala yake. Chungu kikawekwa katikati, mama akamimina maji moto, mirija ikaingia. Mimi nikaketi kwenye kigoda, bega kwa bega na baba. Simu nimeiweka kwenye mfuko wa shati, kamera inachungulia. Mrija wangu wa buluu peke yake kati ya mirija ya mwanzi. Mzee mmoja akausifu. Nilivimba mpaka vifungo vikalalamika.

Katekista akaanza. Akaombea wageni. Akaombea mvua. Macho yote yamefumbwa. Alipofika kwenye mihogo, nikapuliza taratibu. Hakikutoka kitu, malwa ni nzito na chujio limeziba. Nikakumbuka maelekezo yanasema kwa nguvu. Nikavuta pumzi hadi tumboni, nikapuliza.

Lo! Chungu kiliunguruma. Bwabwabwabwabwa! Povu likapanda, likamwagika, na tonge zima la makapi likatua kwenye goti la Mzee Opendi. Katekista akanyamaza katikati ya neno mihogo. Watu ishirini na wawili wakafumbua macho, nami nina mrija mdomoni, mashavu yamejaa.

Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Mzee Opendi aliutoa mrija wake chunguni polepole, akaufuta kwa kitambaa, akaurudisha kwenye ala. Na wa pili akafanya hivyo. Na wa tatu. Mirija yote ya Mwello ikatoka mmoja mmoja, na baba yangu anaitazama tu, mikono imelala magotini.

"Ndugu ya msichana amesema," Mzee Opendi akasema. "Sisi nasikia. Sisi nakwenda."

Nikajaribu kueleza. Nikaeleza chujio. Nikaeleza Bi Ritah. Nilipofika kwenye friji, baba akaniomba ninyamaze, tena aliniomba kwa upole, na hapo ndipo nilipoogopa.

Akiror alikuwa mlangoni pa jiko, amevaa gomesi yake mpya. Jovan amesimama mbali na wazee wake, hajui aende upande gani. Akiror hakulia. Alinitazama tu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Naandika hivi mara moja tu, sitarudia.

Wageni walishafika kwenye miembe ya getini shangazi Atai alipotoka jikoni akifuta mikono. Shangazi ni mfupi, lakini akisimama njiani hupiti. Akamwuliza Mzee Opendi, kwa adabu zote, kule kwao mtoto akipuliza chungu hutozwa nini. Mzee akajibu kwamba mtoto hatozwi kitu. Pumzi ya mtoto haihesabiwi.

"Basi rudini mkae," shangazi akasema. "Hapa hakuna mwanaume aliyepuliza. Amepuliza mtoto."

Mzee Opendi akanipima kwa macho, kuanzia viatu hadi zile ndevu nne. Akauliza nina miaka mingapi. Nikasema ishirini na mitatu. Akauliza nafanya nini. Nikasema nasomea uhandisi, mwaka wa tatu. Shangazi akanikanyaga mguu. Mzee akasema yeye hawezi kuambiwa na shangazi. Kama ni mtoto, mwenyewe aseme.

Dada zake Jovan wako pale, watatu, wote wazuri. Majirani wamejaa kwenye ua. Mimi! Mtu anayetarajiwa kuwa Mjaribu Mkuu wa kanda! Nilitaka kusema chochote kingine. Nikamtazama Akiror. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Mimi bado mtoto," nikasema.

Mzee akasema wale wa nyuma hawakusikia. Nikarudia. Akasema sasa kwa Kidhopadhola. Sikijui, akanifundisha, nikakisema vibaya, na hapo wageni wote wakaangua kicheko, Mzee Opendi akicheka kuliko wote hadi akashikiliwa. Kisha akaufungua mrija wake kwenye ala.

Chungu kile kikamwagwa, kikaletwa kingine. Wazee wa pande zote mbili wakatoa uamuzi rasmi: mpaka siku nitakayooa na kutengeneza chungu changu mwenyewe, mimi ni mtoto. Sina kigoda. Sina mrija. Nikahamishiwa mkekani kwa watoto, tukala wali kwa sinia moja. Msichana wa miaka sita akaniuliza niko darasa la ngapi. Nilipomjibu akadhani namdanganya.

Jioni ng'ombe wakakubaliwa, saba, bila kelele hata moja. Harusi ni Desemba. Akiror alipopita na sufuria akanikamata kichwa, akakibana kwenye gomesi yake kwa nguvu.

"Asante, mtoto," akasema. Sauti yake haikuwa sawa. Na yangu pia, ila mimi nilikuwa na wali mdomoni.

Nimelifikiria jambo hili usiku kucha. Ukweli ni kwamba nimeokoa ndoa. Mara mbili wazee wameshindwa kuelewana. Mara hii wamecheka kwanza, wakaelewana. Nani aliwachekesha? Naona hapa nyumbani bado hawajaliona hilo. Nitawapa muda.

Video nimeituma. Dakika nne, chungu kinanguruma vizuri sana. Hakuna mwingine katika kanda nzima mwenye kitu kama hiki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi Busitema na kukuta friji chumbani.

Nilipiga kelele ya furaha. Kisha nikaona kufuli. Kisha nikaona Herbert amekaa juu yake.

Herbert ameshinda! Baada ya kufukuzwa kule senta, alikoroga uji kwenye ndoo hapahapa hostelini, akaketisha wanafunzi wanne, akawapaka ndevu kwa pamba na gundi, akapuliza mbele yao kwa raha zake. Bi Ritah amenieleza kwa simu kwamba video yangu imependwa sana pale ofisini, wameitazama mara sita, wengine wamelia kwa kicheko. Ila mrija wenyewe umerudishwa kiwandani, maana mwishoni mwa video yangu wazee wote wanaonekana wakiukimbia.

Kwa hiyo nimerudisha bidhaa nzima kiwandani kwa pumzi moja. Herbert anaweza kusema hivyo? Hawezi. Ana friji tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Tangazo jipya la Bi Ritah limeingia saa nne, mhadhiri akiwa ubaoni. Biskuti za ulezi na maziwa. Katoni nne kwa mjaribu, pamoja na baiskeli kwa atakayetia fora. Video ipigwe kwenye sherehe ya familia, mjaribu akila mbele ya watu wazima. Sharti moja tu, na Herbert alipolisoma baadaye chumbani akaitupa simu kitandani kwa hasira: mjaribu awe mtoto.

Herbert ana friji, lakini nani alimtangaza Herbert mtoto? Nani aliita wazee wa makabila mawili wakae juu ya jambo lake? Cheo kama changu hakipatikani wilaya nzima ya Tororo. Nimeshampigia Mzee Opendi aniwekee sahihi kwenye fomu. Alikata simu, nafikiri kwa kuguswa.

Fomu nimeijaza kwa wino mweusi. Jina: Ikwap. Hali: mtoto. Mashahidi: wazee ishirini na katekista. Sherehe: harusi ya dada yangu Akiror, Desemba, ambapo nitakaa mbele kabisa, karibu na keki, na katoni zangu nne. Akiror bado sijamwambia, nataka afurahi siku hiyohiyo.