Wastani wa Vipimo Vitatu

Jumatatu, 9 Juni

Leo gari limenipeleka kwa muuza magodoro. Sikuwa na shida ya godoro. Barabara imenyooka, nimeshika usukani kwa mikono miwili, upepo unaingia dirishani vizuri, mara gari likaanza kusogea kushoto taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Nikazungusha usukani kulia. Kimya. Nikazungusha tena. Likasikia, likaenda kulia mno. Nikarudisha. Tukasimama tairi mbili zikiwa juu ya kibaraza, pua imegusa godoro la futi sita. Muuza magodoro akauliza nataka la sponji au la pamba. Nikasema naangalia tu.

Aibu? Kidogo. Godoro lilikuwa laini.

Gari hili nililinunua mwaka niliooa. Nalipenda hata kwa tabia hii liliyoianza miaka kumi na moja iliyopita. Magari ya wenzangu huenda yanakoambiwa. Langu linawaza.

Ubaya ni kwamba mke wangu alikuwemo. Amepakata gauni la mteja lililojaa pini. Pini zikamchoma. Njia nzima akawa anazichomoa moja moja. Tulipofika akatoa hukumu, kwa upole wa kutisha: Jumapili nimwendeshe kutoka nyumbani hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Katikati ya barabara kuna mstari mweupe. Nikiukanyaga hata mara moja, gari linatoka bandani na vyerehani vyake vinaingia. Eti amechoka kushona chumbani, wateja wanapimwa wakiwa wamebanwa kati ya kitanda na kabati. Nikamwambia tatizo la gari ni dogo tu. Akasema hata yeye ndivyo alivyoambiwa kuhusu mimi, kabla ya ndoa.

Nimekubali. Nilikuwa mpimaji ardhi miaka thelathini na miwili. Kama kuna mtu anayeujua mstari ulionyooka, ni mimi.

Jumanne, 10 Juni

Mkakati wa kwanza: upepo. Nimejaza tairi zote nne mpaka zikawa ngumu kama mbao. Matokeo: gari linatangatanga vilevile, ila sasa linarukaruka.

Shemeji amepita. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwenye gari jipya jeupe linalojiegesha lenyewe. Lilijiegesha uani kwangu huku yeye kainua mikono yote miwili juu, ili nione. Kikulacho ki nguoni mwako! Akauzungusha usukani wangu kwa kidole kimoja. Ulicheza upana wa viganja viwili kabla tairi hazijapata habari. Akashauri nimwite fundi.

Nikamjibu kwamba mimi na fundi hatusemeshani. Mwaka jana, mbele za watu, alisema gari langu haliumwi sana, limepata malezi mabaya. Sijasahau.

Shemeji akasema mchagua jembe si mkulima, akaondoka. Sijui methali hiyo imeingiaje hapa. Lakini imeniuma.

Jumatano, 11 Juni

Dawa imepatikana! Pale chini, nguzo ya usukani inapoingia kwenye sanduku lake la chuma, kuna skrubu. Ukiikaza, usukani unaacha kucheza. Nikaikaza nusu mzunguko. Tamu. Nikaongeza nusu. Tamu zaidi. Na aliyeweka skrubu aliiweka ya nini, kama si ya kukazwa?

Nikatoka kujaribu. Usukani mzito kama jiwe la kusagia. Kona ya kwanza nikapinda, nao ukagoma kurudi. Gari likaendelea kupinda. Tukakizunguka kituo cha mafuta mara mbili. Mara ya pili mhudumu akanipungia mkono, nami nikampungia.

Kusema kweli ilikuwa raha. Jua linaingia dirisha hili, linatokea lile, linarudi tena. Nikawaza kwamba ningeweza kuzunguka hivi, polepole, mpaka uzeeni. Kisha nikakumbuka uzeeni nimeshafika.

Nimeilegeza skrubu nilivyoikaza. Tumerudi nyumbani tukichora nyoka.

Alhamisi, 12 Juni

Ubabaishaji basi. Leo ni sayansi! Nimetoa kamba, vigingi na utepe wangu wa kazini. Nimelizungushia gari kamba nne zilizonyooka, kama kiwanja cha mtu mwenye hati. Ilipendeza mno. Nikakaa nikaangalia tu. Asubuhi jua hupenya matundu ya bati la banda na kuangukia boneti vidoa vidoa.

Nikaingia chini ya gari nisome vipimo. Sakafu baridi, harufu ya grisi ya zamani. Nikajikuta kwenye barabara isiyo na mwisho, mke wangu kando yangu ana miaka ishirini na miwili, hajachomwa pini hata moja. Nikaamshwa na paka aliyekuja kulala kifuani.

Kazi. Upana kati ya tairi za mbele: sentimita 131. Nikahakiki: 133. Nikahakiki tena: 129. Nikafanya kama tulivyofanya ofisini, nikachukua wastani. 131. Safi kabisa! Gari halina kosa.

Nikampelekea mke wangu daftari. Akapitisha kidole kwenye tarakimu zote tatu. Akauliza kama niligusa gari kati ya kipimo na kipimo. Nikasema nilishika tairi tu, nipate kuinuka. Akasema yeye akipima kiuno cha mteja mara tatu akapata majibu matatu, hachukui wastani. Humwambia mteja aache kubana tumbo. Kuna kitu kinasogea, akasema.

Akaniweka kwenye usukani, akaniamuru niutikise kidogokidogo, kushoto na kulia. Yeye mwenyewe akajifunga kanga vizuri, akaingia chini! Nikasikia anapapasa chuma kimoja baada ya kingine. Kisha akasema hapa. Na hapa. Ni viungo viwili vya mviringo, mwisho wa vyuma vinavyosukuma tairi za mbele. Chuma kinakwenda, tairi inabaki. Vinagonga kama bobini ya cherehani iliyolegea, akasema.

Dakika tisa. Nilizihesabu.

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia kushinda. Akasema anataka banda, hataki ajali. Kisha akarudi chumbani kwa mteja wake. Nimeandika daftarini: Tumegundua.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi amekuja. Nilisubiri anisalimie kwanza, akasalimia, tumepatana. Amebadilisha vile viungo viwili, ameikaza skrubu kwa kadiri yake, kisha akapima tairi kwa kamba zangu mwenyewe. Kipimo mara tatu, jibu moja. Halivutii hivyo, lakini sikusema.

Alipokuwa ananawa mikono akasema gari sasa litakwenda linakoambiwa, kwa hiyo nilishike kwa upole, mkono utulie, na leo nikafanye mazoezi. Nikamwambia nimeanza kuendesha yeye hajazaliwa. Akasema ndiyo hofu yake.

Mazoezi ya nini? Gari limepona! Nimelipiga polishi mpaka mawingu yakaonekana kwenye boneti. Nimekaa nikayaangalia yakipita, moja moja, mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 15 Juni

Mke wangu kiti cha mbele. Shemeji nyuma, shahidi. Barabara tupu, mstari mweupe unang'aa. Moyo wangu mwepesi. Nilishaona vyerehani vikibaki chumbani milele.

Tatizo ni mikono. Miaka kumi na moja imezoea: kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto kidogo, kabla gari halijaomba. Ikafanya ilivyozoea. Na safari hii gari likasikia! Kila neno! Nikalisukuma kushoto, likaenda kushoto. Nikashtuka nikalivuta kulia, likaenda kulia. Mstari ukapita chini yetu upande huu, ukarudi upande ule. Shemeji akawa anahesabu kwa sauti. Muuza magodoro alituona tunakuja, akaanza kuingiza mali ndani.

Kwenda, mara saba. Kurudi, mara tano, na mimi nayaita hayo maendeleo.

Mke wangu hakucheka. Karibu na nyumbani aliweka mkono wake juu ya wangu, palepale kwenye usukani, akaukandamiza utulie. Gari likanyooka. Tukapita nyumba sita, saba, bila mtu kufanya lolote, hata shemeji akakosa cha kuhesabu. Sijawahi kusafiri hivyo maishani. Nilitamani barabara isiishe.

Kisha akaondoa mkono achukue mkoba wake, nami nikakanyaga mstari. Kurudi zikawa mara sita.

Jumatatu, 16 Juni

Gari liko uani, chini ya turubai. Vyerehani viko bandani. Asubuhi nilisimama mlangoni nikachungulia. Vile vidoa vya jua sasa vinaangukia vitambaa. Mke wangu alikuwa anashona huku anaimba. Kule chumbani hakuwahi kuimba, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nimeumia, nasema kweli. Na nimefurahi. Yote mawili, kabla ya kifungua kinywa.

Lakini nimekaa nikatafakari, na kosa nimelijua. Ni fundi. Amelibana gari mno, halina nafasi ya kuwaza. Nimeilegeza ile skrubu robo mzunguko. Sawa, nusu.

Halafu likanijia wazo. Banda lile ni kubwa! Vyerehani vikisukumwa ukutani, gari linaweza kulala kando yake, kila mtu akabaki na chake. Mke wangu alipokwenda kupeleka nguo za mteja, nikaazima utepe wake nikapima nafasi. Mara ya kwanza haitoshi. Mara ya pili inatosha kwa kubanana. Mara ya tatu inatosha na kubaki.

Nimechukua wastani. Gari linaingia, na vidole viwili vinabaki kila upande.

Turubai nimeshalitoa. Injini inanguruma, pua imeelekea mlangoni, jua liko zuri. Naweka kalamu chini, maana kazi hii inataka mikono yote miwili.