Meza ya Mama na Sindano ya Dada

Jumatatu, 4 Mei

Mama anahama. Nyumba mpya ni ndogo, na meza yake ya watu wanane haiingii hata ikilazwa ubavu. Kasema Jumapili tukikutana kwake atataja inakwenda kwa nani: kwangu au kwa dada. Tangu nisikie hivyo chakula hakipiti. Siku tuliyomzika baba nilijificha chini ya meza ile hadi jioni, na Mama akaniletea sahani hukohuko bila kuniuliza kitu. Dada hana kumbukumbu yoyote chini ya meza ile. Ana bahati tu ya kuzaliwa kwanza.

Nina mpango. Tangu nianze likizo ya kuuguza goti najifunza ufumaji wa Kiswidi, ule wa kupamba kitambaa kwa sindano na uzi, kwa Fundi, mama mmoja anayefundisha sebuleni kwake. Nitamfumia Mama kitambaa kirefu chembamba cha kupita katikati ya meza, kwa kipimo chake kamili. Kikishaikaa meza sawasawa, na mfumaji ni mimi, atavitenganishaje? Nimejipongeza.

Jumanne, 5 Mei

Nimenunua kitambaa na uzi wa sufu mwekundu. Fundi kasisitiza: anzia katikati. Uzi mmoja mrefu, nusu uende kushoto, nusu kulia, upite chini ya zile nyuzi za kitambaa zilizoinuka bila kutoboa upande wa pili. Ukianzia pembeni, anasema, hujui utatokea wapi. Nikamjibu kwamba nimetunza ghala miaka ishirini, kuhesabu sifundishwi. Akanitazama, akaendelea na chai yake.

Jioni mke wangu karudi kutoka kwa dada na habari mbaya. Dada naye anafuma! Alisoma kwa Fundi huyuhuyu mwaka jana. Tena uzi wake ni wa kijani, rangi ambayo ukoo mzima unajua ni yangu tangu utotoni. Hana haya.

Jumatano, 6 Mei

Siku nzima nimepata upana wa kiganja. Kwa mwendo huu nitamaliza Mama ameshahama na meza ameshaichukua dada.

Nimefumua yote na kubuni njia ya mkato. Mke wangu aanzie ncha ile, mimi hii, tukutane katikati. Akauliza Fundi alisemaje kuhusu hilo. Nikamwambia mama yake Fundi hahami. Kakubali, ila kwa uso ambao sikuupenda.

Ijumaa, 8 Mei

Tumekutana. Yaani, hatujakutana. Mapambo yake ya almasi na yangu yamepishana nyuzi tatu, yanapitana kama majirani walionuniana. Mke wangu anasema nilisinzia nikaruka nyuzi. Mimi nasema ni yeye. Kaweka sindano chini, kaenda zake kuoga. Nimekata uzi, nikapiga mafundo upande wa chini. Juu ya kasoro nitaweka chombo cha maua. Nani ataondoa maua mezani?

Mchana nikavaa koti, nikaenda kwa dada, eti kumjulia hali. Nilipoingia tu, akafunika kazi yake kwa mto. Kaniuliza kama bado napenda kijani. Nikasema sikitaki hata kwa dawa. Akaenda jikoni kuniletea maji.

Nikainua mto. Kazi safi, imenyooka kutoka katikati, imebaki shubiri moja. Roho iliniuma. Sindano yake ndefu, ile butu ambayo Fundi huiagiza kutoka mbali maana madukani haipo, ilikuwa imelala pale na uzi wake. Mkono wangu ukaichukua, ukaitia mfuko wa koti. Dada akarudi na maji, nikayanywa yote, nikaaga.

Usiku huu naona aibu. Lakini nikiirudisha, nitasema nini?

Jumapili, 10 Mei

Tumekutana kwa Mama.

Nilitandika kitambaa mezani, nikaweka chombo katikati. Kikaikaa meza sawasawa. Mama akakipapasa, akasema kizuri. Dada akafika mikono mitupu, kavimba macho. Kasema kazi yake haikumalizika, sindano imepotea, ameitafuta hadi kwenye unga.

Kisha Mama akainua chombo ayanuse maua.

Akaziona almasi zilizopishana. Akainama, akakifunua kitambaa upande wa chini, akayaona mafundo. Jasho likanitoka. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lilelile nitoe leso, nikaitoa, na sindano ikadondoka mezani ikiburuta uzi wa kijani.

Mke wangu alitazama dari.

Dada ndiye aliyeanza, polepole. Kumbe Mama alishamwambia tangu mwezi uliopita kuwa meza ni yangu, kwa sababu ya siku ile niliyokaa chini yake. Kitambaa cha kijani alikuwa ananifumia mimi, zawadi ya meza yangu. Akaichukua sindano, akatoka nje. Nilitamani kurudi kulekule chini ya meza, ila goti halikunji.

Mama kasema meza inakwenda kwa dada. Itakaa huko mpaka nifumue kitambaa chote na kukianza upya kutoka katikati, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimaliza, nimpelekee dada kwanza.

Jumatano, 13 Mei

Nimekwenda kumwomba dada msamaha. Alinifungulia mlango, akanipa maji. Nimeiona meza sebuleni kwake. Sikukaa sana.

Nimefumua. Mafundo yamenitoa machozi, na si kwa ugumu wake tu. Leo nimeanza upya, katikati hasa, kama alivyoagiza Mama. Uzi mmoja mrefu, nusu kushoto, nusu kulia. Kazi tamu ukiifuata inavyotakiwa.

Upande wa kushoto naufuma mimi. Wa kulia nimempa mke wangu, maana Mama hakutaja pande. Endapo tutapishana, nimeshanunua chombo kingine cha maua. Hiki ni kizito, Mama hawezi kukiinua.