Batuli wa Tone Moja na Vita vya Tapeti

Tulieni, enyi watu wa Kanyenye na Isevya! Zimeni redio, wekeni chini vikombe vya kahawa, na anayepima asali alizibe dumu lake, maana leo anasimuliwa Batuli binti Sabiri, mama wa watatu, mchanja kuku mashuhuri, aliyepigana na pikipiki mbele ya soko zima.

Uyui yote humwita wa Tone Moja, kwa jinsi anavyodondosha dawa jichoni mwa kuku bila kumwaga. Asubuhi hiyo alipanda pikipiki yake ndefu ya porini, akaizima mbele ya duka la dawa za mifugo, akachukua chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, akaifunga nyuma ndani ya chupa ya barafu. Mbele yake ilingoja Goweko, kwa njia waliyoikanyaga wapagazi wa kale wakiwa na shanga na vitambaa vichwani. Akapiga kiki. Chuma kikanyamaza. Akapiga tena, na tena, hata wauza dagaa wakasimama kushuhudia.

Simu ikalia kutoka Goweko.

"Shikamoo, Mama Marcelina."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi? Kuku tumewafungia matengani tangu alfajiri, wanatutukana! Na kideri kimeshafika kijiji cha jirani."

"Wafungie hivyohivyo. Barafu ikiyeyuka dawa imekufa, kwa hiyo usinipotezee muda. Nakuja."

Ndipo shujaa akakunja mikono ya baibui, akaingia vitani. Alilijaribu jeshi la petroli: likatiririka. Aliichomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki: cheche ya buluu ikaruka. Akairudisha, akaushusha mguu wa kiki polepole kwa mkono, nao ukateremka mlegevu kama mkono wa mgonjwa. Hakuna mgandamizo wa hewa ndani ya injini! Batuli akageuka, macho yakiwaka.

"Shomari!"

Akatokea Shomari bin Nasri, fundi wa kona ile, bingwa wa ukimya, ambaye mtaa mzima humpelekea pikipiki zinazogonga ili zisiwaaibishe wenyewe.

"Dada Batuli," akahutubu, "jana nilizikaza tapeti, hizo skrubu zinazosukuma valvu, mpaka zikanyamaza! Je, mama wa heshima apite mjini akilia kama cherehani?"

"Umenipa ukimya wa kaburini. Ulizikaza kwa sikio, hukupima. Injini ikiwa baridi ilikuwa na upenyo wa kuponea; ilipopata moto chuma kimetanuka, valvu haifungi tena, pumzi yote inavuja. Leta fila ya kupimia upenyo."

"Tuzilegeze sasa hivi!"

"Kipimo ni cha injini baridi. Hii ukiigusa unaungua."

"Basi tuimwagie maji!"

"Jimwagie kichwani."

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo historia ilipovuta kiti ikakaa. Injini ilitakiwa ipoe, barafu ilitakiwa isiyeyuke, na jua la Tabora halikuwa upande wa mtu. Batuli akalowesha kanga, akaivika chupa, akaificha kivulini. Akafungua vifuniko vya tapeti, akaazima ungo wa muuza karanga, akaanza kuipepea injini. Alipochoka, wauza dagaa wakapokezana, wakiipepea kwa adabu kama malkia aliyezimia.

Ilipopoa, Shomari akaleta fila, bapa la chuma jembamba kama karatasi, ambalo kwa miaka alilitumia kukwangulia plagi. Batuli akalifuta kwa pindo la baibui. Akaizungusha injini hadi alama zikakutana. Bapa halikuingia kati ya tapeti na valvu. Akalegeza tapeti kiasi cha unene wa ukucha tu, akalipitisha, likapita likikwaruza kidogo; akakaza nati. Ya pili vivyo hivyo.

Akafunga, akapanda, akapiga kiki.

Ikaunguruma! Na juu ya muungurumo, tik-tik-tik-tik.

"Dada," Shomari akanong'ona kwa aibu, "inagonga."

"Igonge mpaka Goweko."

Huko Goweko, Mama Marcelina alisikia ule ugongaji kabla hajaliona vumbi. "Cherehani inakuja!" akapaza sauti. "Shikeni kuku!" Chupani barafu ilikuwa imebaki kama punje ya hindi, lakini ilikuwa barafu. Jogoo wake mkorofi alipata tone la kwanza, akamdonoa Batuli kidole gumba, na damu hiyo ndiyo pekee iliyomwagika katika vita vile vikuu. Tangu hapo wanawake wa Goweko huhesabu nyakati kwa mbili: kabla ya Tapeti, na baada yake.